Kumfundisha Mwana-farasi

Farasi ni mnyama mkubwa mwenye nguvu, lakini ni mwoga. Farasi aliyekomaa aghalabu huwa na uzito wa kilo 400 hadi 600, na teke lake moja laweza kuvunja mguu wa mtu. Hata hivyo kipande cha nguo kinachopeperushwa na upepo chaweza kumkimbiza mbio mpaka mwisho wa shamba. Watu wasiomjua hucheka waonapo jambo hilo, wakasema ya kuwa farasi hana akili. Sivyo. Farasi hana pembe kama nyati, wala hana makucha kama chui. Tangu zamani, katika nyika zilizo wazi, silaha yake ilikuwa miguu yake. Na yule aliyekimbia kwanza akatazama baadaye ndiye aliyepona.

Mwili wake wote umeumbwa kwa kazi hiyo ya kuikimbia hatari. Macho yake yako kandokando ya kichwa, hata aweza kuona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na mahali pengine nyuma ya mkia. Kwa sababu hiyo mtu anayemwendea farasi kwa nyuma, kimya kimya, anatafuta teke mwenyewe. Masikio yake hugeuka kila moja upande wake. Ngozi yake huhisi hata inzi akitua ubavuni, naye huitikisa pale pale alipotua. Jambo hili la inzi ni dogo, lakini lafaa kukumbukwa, maana mnyama awezaye kumhisi inzi hahitaji fimbo ili ajue ya kuwa mtu amemgusa.

Basi tazama ugumu wa kazi ya mwalimu wa farasi. Mnyama aliyeumbwa kukimbia afundishwe kusimama. Tena akubali mtu akae juu ya mgongo wake, yaani mahali pale pale ambapo simba humrukia punda milia, ndugu yake farasi.

Watoto wengi wa Afrika ya Mashariki wamemwona farasi katika picha tu. Sababu si uvivu wa watu, bali ni maradhi. Mbung'o huleta nagana, na visubi wadogo wa usiku huleta maradhi mengine yauayo farasi wengi kwa muda wa siku chache. Kwa hiyo farasi wamestawi zaidi katika nchi za juu zenye baridi, kama Ethiopia na Lesotho, na katika sehemu za juu za Kenya. Pwani, mathalan kisiwani Lamu, kazi ya kuchukua watu na mizigo ilikuwa ya punda. Lakini mtoto aliyemchunga punda au aliyemfundisha maksai kulima ataifahamu habari hii upesi, kwa kuwa njia ni karibu moja. Tofauti ni hii: punda akiogopa, husimama, farasi akiogopa, hukimbia. Ndiyo maana punda huitwa mkaidi na farasi huitwa mjinga, na majina yote mawili ni ya uongo.

Zamani katika nchi nyingi, hata katika nyika za ng'ombe huko Marekani, mwana-farasi alivunjwa. Neno hilo ndilo walilolitumia wenyewe. Alikamatwa kwa kitanzi, akafungwa kwenye nguzo, akatiwa tandiko kwa nguvu, kisha mtu akampanda, na yule mnyama akaruka na kupiga mateke mpaka nguvu zikamwisha. Kwa siku chache aliweza kuchukua mtu. Kwa macho alionekana ametii. Kumbe amejifunza neno moja tu, ya kuwa mtu ndiye yule simba aliyemwogopa, na ya kuwa kukimbia hakufai kitu. Farasi wengine wa namna hiyo walifanya kazi maisha yao yote. Wengine walingoja. Siku moja kamba ikalegea, au karatasi ikapeperuka njiani, na yule mpanda farasi akaanguka akavunjika. Farasi aliyeharibiwa hivyo huuzwa, kisha huuzwa tena, na mara nyingi mwisho wake ni machinjoni, ijapokuwa kosa halikuwa lake.

Njia nyingine ni ya saburi, nayo si mpya. Myunani mmoja jina lake Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu cha kupanda farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alimwagiza mwenye farasi asimwendee mnyama wake akiwa na hasira. Alisema pia ya kuwa farasi akiogopa kitu, aonyeshwe kwa upole ya kuwa kitu hicho hakina madhara; maana akipigwa wakati wa hofu, atadhani ya kuwa maumivu yale yanatoka katika kile kitu anachokiogopa, naye atazidi kukiogopa. Hata leo ni vigumu kupata shauri lililo bora kuliko hilo.

Katika nchi ya Makedonia, siku za huyo Xenophon, alizaliwa Alexander, mwana wa Mfalme Philip, mwaka 356 kabla ya Kristo. Plutarch, aliyeandika habari za maisha yake zaidi ya miaka 400 baadaye, asimulia ya kuwa mtu mmoja kutoka Thessaly alimletea mfalme farasi wa kuuza, jina lake Bucephalus, maana yake Kichwa cha Ng'ombe. Bei yake ilikuwa talanta 13, mali nyingi sana. Lakini farasi yule hakukaribika. Hakukubali kupandwa na mtu ye yote, hata mfalme akakasirika, akaamuru aondolewe. Alexander, aliyekuwa kijana mdogo bado, alikuwa akitazama. Wengine waliona ukali. Yeye aliona ya kuwa farasi anakiogopa kivuli chake mwenyewe, kinachocheza mbele yake kila atikisikapo. Akamshika hatamu, akamgeuza alielekee jua, hata kivuli kikaanguka nyuma. Akatembea naye kidogo akimpapasa, akaliacha joho lake lianguke polepole, kisha akampanda, bila kumpiga wala kumvuta kwa nguvu. Farasi huyo alimchukua Alexander vitani miaka mingi, akafa mwaka 326 kabla ya Kristo, baada ya vita vya mto Hydaspes, katika nchi iitwayo leo Pakistan. Alexander akajenga mji huko, akauita Bucephala.

Hadithi hiyo ni nzuri, lakini yaweza kumdanganya msomaji katika jambo moja. Alexander alimpanda farasi wake siku ile ile. Mwana-farasi hafundishwi kwa siku moja. Mazoezi yake huchukua miaka, na sehemu kubwa ya kwanza hufanywa na mwalimu akiwa chini, anatembea kwa miguu.

Farasi jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 11 hivi. Mtoto wake azaliwapo husimama kwa muda wa saa moja au mbili, na siku hiyo hiyo aweza kukimbia pamoja na mama yake. Huachishwa kunyonya apatapo miezi sita hivi. Tangu siku za kwanza mtunzaji mwema humgusa shingo, mgongo na tumbo, kisha miguu. Humwinua mguu mmoja mmoja na kuushika kidogo, kwa kuwa kwato za farasi sharti zisafishwe na kukatwa maisha yake yote. Mwana-farasi wa mwezi mmoja aweza kushikwa na mtu mmoja. Wa miaka mitatu asiyezoea kuguswa miguu hawezi kushikwa hata na watu wanne.

Kisha huvikwa ugwe wa kichwani, usio na chuma kinywani, naye hufundishwa kufuata. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote, na watu wengi hupakosea. Mwana-farasi wa mwaka mmoja ana uzito mara tatu au nne wa uzito wa mtu. Mtu akivuta kamba, mnyama naye huvuta, na katika kuvutana huko mtu ndiye atakayeshindwa. Lililo baya zaidi ni kwamba farasi atajua ya kuwa ameshinda. Basi mwalimu mwenye akili havutani naye. Huikaza kamba kidogo tu, asiizidishe wala asiilegeze, akangoja. Farasi hujaribu hili na hili: huinua kichwa, husogea kando, hurudi nyuma. Mwalimu hatikisiki. Mwisho, labda kwa bahati tu, farasi huinamia mbele, au huinua mguu nusu ya hatua. Mara hiyo hiyo kamba hulegezwa.

Kinachomfundisha farasi ni kule kulegezwa, wala si kule kuvutwa. Kamba iliyokazwa humwuliza neno. Kamba iliyolegezwa humwambia, Ndiyo, hilo ndilo nililolitaka. Tena jibu lije upesi. Mwalimu akikawia, hata kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, farasi atakuwa amekwisha kufanya jambo jingine, naye atadhani ya kuwa amelegezewa kwa sababu ya hilo la pili. Kwa sababu iyo hiyo haifai kumpiga kwa kosa lililokwisha kupita. Mwanafunzi wa shule aweza kuadhibiwa Ijumaa kwa kosa la Jumatatu, akafahamu sababu, hata kama hakupendezwa. Farasi hawezi. Kwake yeye adhabu ya Ijumaa ni ya Ijumaa.

Akiisha kufuata, hufundishwa kurudi nyuma akiguswa kifuani, na kusogeza miguu ya nyuma akiguswa ubavuni kwa ncha za vidole. Yaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mambo haya yatafaa sana baadaye, kwa kuwa mpanda farasi atakapomgusa ubavuni kwa mguu wake, mnyama atakuwa anaijua maana yake tayari.

Katika miezi hiyo pia huonyeshwa vitu vya kutisha: ubao wa kukanyaga, maji ya kuvuka, mwavuli, turubali linalovuma upeponi. Vitu hivi havisongezwi usoni pake. Mtu husimama mbali na nguo, akaitikisa kidogo. Farasi hukaza shingo, huinua kichwa, hutoa macho. Mwalimu hutazama masikio na pumzi. Farasi akisimama, hata kwa dakika moja, akashusha kichwa na kutoa pumzi, nguo huondolewa. Ikiondolewa wakati anaporuka, atajifunza ya kuwa kuruka ndiko kunakofukuza nguo, na kesho ataruka zaidi. Siku nyingine husogezwa karibu kidogo. Na mwisho hupitishwa mgongoni mwake, naye anaendelea kula majani.

Baada ya hayo huja kamba ndefu, ya mita saba au nane. Mwalimu husimama katikati, na farasi huzunguka nje, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio ndogo za matiti. Huzungushwa pande zote mbili sawasawa, kwa maana farasi, kama mtu, ana upande alio mwepesi na upande alio mzito. Hapo hujifunza maneno machache ya kwenda, kupunguza na kusimama. Kazi hii isiwe ndefu. Kuzunguka sana kwenye duara huumiza miguu ya mnyama mchanga, na walimu wengi huona dakika 15 au 20 zinatosha.

Tandiko nalo huletwa hatua kwa hatua. Kwanza ni kitambaa tu. Halafu tandiko lenyewe, jepesi, lisilo na vikuku vya kutilia miguu. Mkanda upitao chini ya tumbo hukazwa tundu moja, farasi akatembezwa. Kisha tundu jingine. Mkanda ukikazwa wote mara moja, farasi huona kana kwamba ameshikwa na nyama mkali, na hofu hiyo yaweza kudumu miaka.

Lijamu ni chuma kinachotiwa kinywani, na Waraka wa Yakobo umekitaja. Wengi hushangaa jinsi farasi asivyokitafuna. Sababu ni kwamba kati ya meno ya mbele na magego ya farasi pana nafasi tupu, isiyo na jino, na chuma hukaa hapo juu ya ulimi na ufizi. Ufizi huo ni mwororo sana. Mkono mzito huufanya kuwa sugu, na farasi mwenye kinywa sugu huhitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi kila mwaka, mpaka hapana nguvu itoshayo. Kwa hiyo mwanzoni lijamu huvaliwa tu, bila kuvutwa na mtu ye yote, hata ulimi uizoee.

Apandwe lini? Watu husema, Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni kweli kwa tabia ya mwana-farasi, lakini si kweli kwa mgongo wake. Adabu afundishwe mapema. Mzigo achukue akichelewa. Mifupa ya farasi haikomai pamoja: ya chini miguuni hutangulia, na ya mgongo hufuata mwisho kabisa, mingine baada ya mwaka wa tano. Farasi wa mashindano ya mbio hupandwa wakiwa na umri usiotimia miaka miwili au waliopita kidogo tu, kwa kuwa wenye mali hutaka fedha zao zirudi upesi. Walimu wasio na haraka hungoja mpaka mwaka wa tatu au wa nne. Farasi wa miaka miwili huonekana mkubwa, na hapo ndipo macho yanapodanganya.

Siku ya kupandwa, kazi ya chini ikiwa imefanywa vema, huwa siku ya kimya. Mtu mmoja hushika kamba kichwani, mtu ambaye farasi amemzoea. Wa pili, mwepesi wa mwili, huegemea mgongoni kwa tumbo lake kama gunia, akashuka. Huegemea tena, akashuka tena. Siku nyingine huinua mguu na kukaa, akiinamisha kichwa chake, maana mtu aliyeinuka ghafula juu na nyuma ya macho ya farasi ni jambo la kutisha sana. Hukaa kidogo, akampapasa shingo, akashuka. Hayo yatosha. Watazamaji waliokuja kuona farasi akirukaruka hurudi nyumbani wamesikitika.

Mwendo wa kwanza chini ya mtu huwa wa kuyumba. Msichana anayetwishwa mtungi wa maji kwa mara ya kwanza anazo nguvu za kuuchukua, lakini shingo haijajua kuusawazisha. Ndivyo alivyo mwana-farasi. Kwa asili zaidi ya nusu ya uzito wake iko juu ya miguu ya mbele, na mtu huongeza mzigo huko huko. Kwa hiyo hapana kugeuzwa kwa ghafula wala kukimbizwa shoti. Huenda mbele, njia iliyonyoka, hatamu zikiwa ndefu, na ikiwezekana nyuma ya farasi mzee asiyeshtuka. Mpanda farasi hugusa kwa mguu na kutamka neno lile lile la kwenda alilolifundisha kwa kamba ndefu. Siku chache zikipita, neno halihitajiwi tena.

Patakuwa na siku mbaya. Farasi aliyevuka daraja Jumanne atalikataa Jumatano. Mwalimu mpumbavu huona ya kuwa ametukanwa, akataka kushinda hapo hapo hata jua likitua. Mwenye busara hurudi nyuma hatua moja au mbili, kwenye jambo ambalo farasi analijua, akamwacha alifanye vema, kisha akamrudisha bandani. Tena huchunguza tandiko na kwato, kwa kuwa mara nyingi kinachoitwa ukaidi ni jeraha chini ya mkanda au kijiwe kilichokwama ndani ya ukwato.

Mahali palipojulikana sana kwa saburi hii ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko kuna chuo cha kupanda farasi kiitwacho cha Kispania, kwa kuwa farasi wake wa kwanza walitoka Hispania. Kilitajwa katika maandishi tangu mwaka 1565, na jumba lake kubwa lilimalizika mwaka 1735. Farasi wake huitwa Lipizzaner, kwa jina la Lipica, mahali palipoanzishwa uzazi wao mwaka 1580, ambapo leo ni nchi ya Slovenia. Tangu mwaka 1920 farasi wa chuo huzaliwa Piber, huko huko Austria. Huzaliwa weusi au wa rangi ya kahawia, na wengi huwa weupe polepole, wakitimiza miaka sita hadi kumi. Wakati wa joto madume wachanga hupelekwa malishoni juu milimani, wapande na kushuka pamoja na wenzao. Hiyo ndiyo shule yao ya kwanza ya miguu na mapafu. Wakipata miaka minne hivi huletwa Vienna. Mwaka wa kwanza hawafundishwi maajabu yo yote, ila kuzunguka kwa kamba na kwenda mbele wamenyoka chini ya mtu. Kurukaruka hewani na kusimama kwa miguu ya nyuma, mambo ambayo watu hulipa fedha kuyatazama, huja baada ya miaka mingi, na si farasi wote wafikao huko.

Chuo hicho kina desturi moja ya ajabu. Mwana-farasi hapewi mpanda farasi mchanga. Hupewa mtu mzima aliyekwisha kufundisha wengine. Naye kijana anayeanza kujifunza hupewa farasi mzee. Hukalishwa juu yake bila hatamu na bila vikuku, mikono mitupu, na yule mzee humzungusha kwa kamba ndefu miezi mingi, mpaka kijana aweze kukaa kimya bila kushika kitu. Farasi huyo naye alikuwa mweusi zamani, akaogopa nguo na ubao. Sasa ni mweupe, masikio yake yamelegea, na kijana akiteleza upande mmoja yeye hupunguza mwendo mwenyewe.